Goma: Kiti cha magurudumu kisigawiwe kabla ya kumuuliza atakayekikalia

Kila mwaka, tarehe 3 Desemba inapokaribia, siku ya kimataifa ya watu wanaoishi na ulemavu, viti vya magurudumu huonekana kwa wingi katika miji ya mashariki mwa Kongo. Vinapangwa mstari mmoja uwanjani, vingine vikiwa bado na nailoni zake. Hotuba zinasomwa, mikono inapigwa, wanaopokea wanaketishwa na kupigwa picha. Miezi michache ikipita, mtu akitembelea nyumba za watu wale wale atakuta kiti kimoja kinaanikiwa nguo nyuma ya jiko, kingine kimelala ubavu bila gurudumu la mbele, na mwenyewe amerudi kutambaa chini, kandambili zake akiwa amezivaa mikononi. Majirani watasema amezoea kutambaa. Wengine watasema watu wa namna hiyo hawajui kutunza kitu.

Majibu yote mawili si ya kweli. Kiti hakikumfaa, basi. Hakuna aliyemuuliza analala wapi, anapita njia gani, anafanya kazi gani, choo chake kiko wapi. Alipimwa kwa macho na jina lake likaandikwa kwenye orodha.

Wakaaji wa Goma hawahitaji kuelezwa ardhi yao ikoje. Nyiragongo ilimwaga moto wake katikati ya mji Januari 2002, ikarudia tarehe 22 Mei 2021 upande wa kaskazini, na kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kutandika mawe meusi mahali pengi. Ukiacha barabara kuu chache zenye lami, njia za mitaani ni mawe yenye meno. Kiatu kipya hakimalizi mwaka juu yake. Sasa achukuliwe mtu mwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali, chenye vigurudumu viwili vidogo mbele. Kigurudumu kidogo kinaingia kati ya mawe mawili, kiti kinasimama ghafula, na aliyekaa anaendelea mbele kwa uso. Akianguka mara mbili atakuwa na hofu. Mara ya tatu hatoki tena nyumbani. Kiti kilichokusudiwa kumfungulia mlango ndicho kimemfungia.

Kambini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mtu aliyeishi Bulengo, Rusayo au Kanyaruchinya anakumbuka vyoo vya pale. Kwa kuwa mwamba wa volkano hauchimbiki kwa urahisi, vyoo vingi vilijengwa juu ya jukwaa la mbao, na kufikia mlango ni kupanda ngazi. Mwenye kiti alikuwa anafika chini ya ngazi na safari inaishia hapo. Ni lazima abebwe, au apande kwa makalio mbele ya watu wanaongoja zamu. Mama mwenye ulemavu alilazimika kuchagua: kumuamsha mtu usiku ambebe, mtu ambaye pengine hamwamini, au kuacha kunywa maji kuanzia saa kumi za jioni. Wanawake wengi walichagua kiu. Fomu ya kugawa vifaa inaweza isiulize swali hilo, wakati kwa mama yule ndilo lilikuwa swali la kwanza.

Kwa hiyo maoni yanayotolewa hapa ni haya: kifaa cha kutembelea kichaguliwe na mwenye kukitumia, pamoja na mtu anayejua kupima, na baada ya kutazama mahali anapoishi. Anayetoa pesa asiwe ndiye anayechagua. Ikiwa pesa zinatosha viti hamsini visivyopimwa au ishirini vilivyopimwa vikiwa na mto, mafunzo na vipuri, ishirini ndivyo vinunuliwe. Wale thelathini watakaokosa wana haki ya kulalamika, na walalamike kwa nguvu. Lakini kiti kisichofaa si nusu ya msaada. Mara nyingine ni jeraha.

Na neno jeraha halijatumiwa kwa kuongeza chumvi. Mtu aliyepigwa risasi kwenye uti wa mgongo, au aliyeangukiwa na ukuta, hana hisia chini ya kiuno. Akikaa kutwa nzima kwenye kitambaa kilichotanuka, bila mto unaomfaa, nyama ya makalio inabanwa kati ya mfupa na kiti, damu haipiti, na ngozi inaanza kuoza bila yeye kusikia maumivu yoyote. Kidonda hicho kinaweza kufika mfupa. Katika nyumba ya mabashi, penye maji machache na chakula cha mara moja kwa siku, kidonda cha namna hiyo kinaua. Ndiyo sababu shirika la afya duniani, OMS, lilipotoa mwongozo wake juu ya viti vya magurudumu kwa nchi zenye uwezo mdogo mwaka 2008, halikuishia kwenye kiti. Lilisema mtu apimwe, kiti kirekebishwe kwa mwili wake, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Afundishwe pia kujiinua kwa mikono au kuegemea upande mmoja mara kwa mara, tangu asubuhi hadi jioni, ili nyama ipumue. Jambo hilo halihitaji pesa yoyote. Linahitaji mtu wa kukaa naye saa moja na kumuonyesha, na saa hiyo ndiyo inayokosekana siku ya hotuba.

Inafaa kutazama vifaa vyenyewe, kwa kuwa familia nyingi zinajua viwili tu: kiti na mkongojo.

Mkongojo ndio unaodharauliwa kuliko vyote, na ndio unaowatumikia watu wengi zaidi. Kwa mtu aliyekatwa mguu mmoja na mwenye mikono yenye nguvu, mikongojo miwili inapita mahali ambapo kiti hakitapita kamwe: juu ya mawe, kwenye kichochoro cha Birere siku ya soko, kwenye ngazi za choo, ndani ya mtumbwi. Ubaya ni kwamba watu huichukua bila kuipima. Mkongojo wa kwapani unapaswa kuishia vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, si kugusa kwapa. Pa kushikia pawe sawa na kifundo cha mkono mtu akisimama na kuning'iniza mikono, ili kiwiko kikunjike kidogo tu. Uzito ukae kwenye viganja. Anayening'inia kwa makwapa anabana mishipa inayoshuka mkononi, na baada ya muda vidole vinakufa ganzi, mkono unalegea. Huyo atakuwa amepoteza mguu kwa bomu na mkono kwa mkongojo mrefu. Mafundi wa mbao wa mitaani wanaweza kutengeneza mkongojo mzuri kabisa wa mti, na kuukata upya mtoto anaporefuka, mradi waletewe kipimo sahihi.

Kisha kuna kile kipande cha mpira cha chini. Juu ya mawe ya Goma kinaisha upesi, kipande cha mbao au chuma kinabaki wazi, na mvua ikinyesha mkongojo unateleza kama sabuni. Ni jambo la kushangaza kuona shirika likileta mikongojo mamia bila kuleta mipira ya akiba. Wenye akili za mtaa wamekata vipande vya tairi kuukuu na kuvifunga kwa waya. Vinasaidia, vinatakiwa tu kukaguliwa kila wiki, maana waya ikikatika njiani mtu anaanguka.

Fimbo ya kawaida nayo ina kanuni moja ambayo wazee wengi wanaikosa: inashikwa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu unaouma. Mguu mbovu na fimbo vinakwenda mbele pamoja. Mzee aliyepooza upande mmoja kwa sababu ya tansio atatembea vizuri zaidi siku hiyo hiyo akielezwa hivyo. Wengi hawaelezwi. Wengine wanaikataa fimbo kabisa, hasa akina mama, wakiona kwamba kushika fimbo barabarani ni kujitangaza ombaomba. Hapo watoto wao wana kazi ya kuongea nao kwa heshima, bila kuwanyang'anya maamuzi. Mama akisema anataka fimbo yenye rangi, au anataka mwavuli mgumu badala ya fimbo ili akienda kanisani asijisikie vibaya, apewe, ilimradi mwavuli uwe wa kumbeba. Kile ambacho mtu anakubali kutoka nacho ndicho kinachomsaidia.

Ile fremu ya miguu minne, ambayo hospitali hupenda kuwapa wagonjwa wanaotoka kulazwa, ni nzuri kwenye korido. Kwenye mtaa wa mawe ni mtego. Kwa mtu asiyeona, fimbo nyeupe inayofika kifuani inamwambia shimo liko wapi kabla mguu haujafika, ila apewe pamoja na mafunzo. Kumpa mtu fimbo nyeupe bila mafunzo ni kama kumpa redio isiyo na betri.

Trisikli ndiyo hadithi ndefu. Baiskeli ile ya magurudumu matatu, inayozungushwa kwa mikono, ina historia yake katika nchi hii. Huko Kinshasa wanamuziki wa Staff Benda Bilili, wengi wao waliopata polio wakiwa watoto, walizunguka mji juu ya trisikli kabla dunia haijawasikia mwaka 2009, na watu wenye ulemavu walijulikana kwa biashara yao kwenye vivuko vya mto kati ya Kinshasa na Brazzaville. Huku Goma, kwenye Petite Barrière, mpaka na Gisenyi, trisikli ilikuwa gari la mizigo. Kitanda cha chuma nyuma, magunia juu yake, vijana wawili wakisukuma na kulipwa, mwenyewe akishika usukani na hesabu. Watu waliowaona wakipita wanajua kwamba pale hapakuwa na wa kuhurumiwa: ni wachuuzi waliosomesha watoto. Mwaka 2020 korona ilipofunga mpaka kwa watu binafsi, wao walikuwa kati ya walioumia kwanza.

Basi mtu wa namna hiyo akiulizwa anataka kifaa gani, hatasema anataka kiti. Atasema anataka trisikli yenye ekseli nzito, breki mbili na mahali pa kufunga mzigo. Shirika likimletea kiti chepesi cha kukunja kwa kuwa ndicho kilichoandikwa kwenye mradi, limemwondoa sokoni. Na likimletea trisikli mtu mwingine ambaye jeraha la uti wa mgongo liko juu, asiyeweza kukaa wima bila kuegemea, limemweka hatarini, kwa maana trisikli inadai mikono miwili yenye nguvu na kiwiliwili kinachojishikilia. Trisikli pia haiingii ndani ya nyumba. Mwenye trisikli peke yake anafika mlangoni kwake kama bosi na kuingia ndani kwa kutambaa. Kwa wengi jibu la kweli ni vifaa viwili, kimoja cha njiani na kingine cha nyumbani, hata kama cha nyumbani ni kibao chenye magurudumu au mikongojo ya kuukuu. Wanaopanga bajeti hawapendi kusikia hivyo. Orodha yao ina mstari mmoja kwa kila mtu.

Bukavu ni hesabu nyingine tena. Trisikli inayokimbia vizuri kwenye tambarare ya Uvira itamshinda mtu kwenye milima ya Kadutu, kupanda ni kusukumwa na kushuka ni kuomba Mungu breki zishike. Nyumba nyingi kule zinafikiwa kwa vijia vya udongo na ngazi za mawe. Aliyepimwa Goma akahamia Bukavu anahitaji kupimwa upya, mwili ukiwa ule ule.

Kwa njia za mawe na matope kuna kiti cha aina nyingine ambacho kingestahili kujulikana zaidi: kile chenye gurudumu moja kubwa mbele, lililo mbali na miguu, badala ya vigurudumu viwili vidogo. Kinachukua nafasi kubwa kidogo na hakigeuki kwa wepesi chumbani, lakini hakipindukii mbele kila kikikutana na jiwe. Magurudumu ya nyuma yakiwa ya ukubwa wa baiskeli za kawaida, kila kwado wa mtaani anaweza kuziba pancha na kubadilisha tairi. Kiti ambacho vipuri vyake vinatoka ng'ambo tu, hata kikiwa cha gharama, kitakufa siku bearing ya kwanza itakapokufa.

Mguu wa bandia ndio kila mtu anautaka, na ni haki kuutaka. Vituo viwili vinajulikana sana kwa kazi hiyo, Shirika la Umoja hapa Goma na Heri Kwetu kule Bukavu, ambavyo kwa miaka vimesaidiwa na shirika la kimataifa la Msalaba Mwekundu, CICR, ambalo miguu yake ya plastiki ya polipropileni imetembea katika nchi nyingi za vita. Wanaofika pale wanajua kwamba mguu hautolewi siku moja. Kidonda kipone kwanza, kigutu kifungwe bendeji mpaka kipate umbo, kipimwe, mguu utengenezwe, kisha zije wiki za kujifunza kutembea kati ya vyuma viwili. Anayeruka hatua hizo kwa haraka anarudi na malengelenge na kuutupa mguu chini ya kitanda. Mtoto naye anakua: mguu wa Januari unaweza kuwa mfupi Desemba, na mzazi asione aibu kurudi kituoni, kwani kituo kinategemea arudi. Na hata mwenye mguu mzuri asiuze mikongojo yake. Usiku akiamka kwenda choo, hatavaa mguu kwanza.

Kuna wazee waliokatwa mguu kwa sababu ya sukari ambao moyo wao hauwezi tena kazi ya kubeba mguu wa bandia. Kwa hao mikongojo au kiti kizuri si kushindwa. Familia ziache kuwasukuma kufuata mguu ili tu wapendeze machoni pa watu.

Liko jambo ambalo miaka hii imewafundisha wahami. Kifaa kichaguliwe kwa kufikiria pia siku ya kukimbia. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, na mwezi wa Februari kambi za kando ya mji zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Waliokuwa na trisikli nzito walitazama malori yaliyojaa na pikipiki ambazo motari wake hawakutaka kungoja. Kuna waliobebwa mgongoni na ndugu zao huku trisikli ikibaki kati ya mbao za vyoo. Kiti kinachokunjika kinafungwa nyuma ya pikipiki. Mikongojo inakwenda popote mwenyewe anapokwenda. Haina maana trisikli ziachwe. Maana yake ni kwamba familia iwe imeongea kabla: nani anamchukua nani, kwa njia gani, na kifaa gani kinatangulia. Katika nyumba nyingi mazungumzo hayo hayafanyiki kwa kuwa yanaogopesha, kisha risasi zinapolia mtu mwenye ulemavu ndiye anayesema, niacheni, nendeni na watoto. Hakuna mtu anayepaswa kufikishwa kwenye neno hilo.

Walioondoka kambini sasa wamo Masisi, wamo Rutshuru, wamo Sake na Kitshanga, wengine wamebaki mjini katika nyumba za ndugu na makanisa. Orodha za ugawaji zilizoandikwa kambini hazina maana tena. Mtu aliyepimwa akiwa Lac Vert na kuahidiwa kiti, leo yuko kwenye kilima cha matope ambako gari halifiki. Mashirika yanayosema yanawafuata wanaorudi yangeanza kwa kuwauliza upya.

Jibu la kawaida la wanaogawa ni kwamba mahitaji ni mengi na pesa ni kidogo, hivyo afadhali kitu kuliko bure. Sehemu ya kwanza ni ya kweli kabisa. OMS na UNICEF katika ripoti yao ya mwaka 2022 walisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni watu 3 tu katika 100 wenye kuvihitaji wanaovipata. Lakini uhaba ndio hasa sababu ya kupima. Tajiri aliyenunua kiatu kisichomtosha atanunua kingine. Maskini hukatwa bei ya kosa hilo miaka yote kifaa kitakapodumu. Jibu lingine linalosikika ni kwamba watu wenyewe wanauza vifaa wanavyopewa. Wapo. Lakini kabla ya kuwaita wezi, mtu aulize kile walichouza kiliwafaa nini. Mara nyingi aliyeuza kiti alikuwa anauza kitu ambacho hakikuweza kupita mlangoni pake, na pesa akalipa kodi ya nyumba. Trisikli inayoleta chakula hauziuzi.

Na kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote. Kila kiti kisichoweza kuendeshwa na mwenyewe kina mtoto nyuma yake anayesukuma. Kwa kawaida ni msichana wa miaka kumi au kumi na miwili, ambaye saa mbili za asubuhi, wenzake wakiwa darasani, yuko barabarani na mikono juu ya vishikio. Baba anapopata kifaa anachokiendesha mwenyewe, watu wawili wanapata uhuru siku hiyo. Wanaohesabu faida za mradi wangemhesabu na huyo binti.

Sheria ipo upande wa wanaodai. Ibara ya 49 ya katiba ya mwaka 2006 inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yao. Kongo iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na ibara ya 20 ya mkataba huo inazungumza juu ya kutembea kwa mtu, kwa namna na kwa wakati anaouchagua mwenyewe, kwa bei anayoiweza. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Maneno hayo mazuri hayajafika kwenye ngazi za vyoo, na mtu asitegemee yatafika yenyewe. Lakini anayeambiwa "chukua hiki, usiposaini utakikosa" ana haki ya kusema kwamba anataka kukikalia kwanza, na kusema hivyo si utovu wa shukrani. Akikalie. Aone kama nyonga zinaingia bila kubanwa na bila kuyumba, kama miguu inafika mahali pa kuikanyagisha, kama breki inashika, kama anaweza kuingia na kutoka bila kubebwa. Akisukume mwenyewe kwenye mawe ya pale nje, si kwenye simenti ya ofisi. Aulize vipuri vinapatikana wapi na nani atarudi kumwona. Ikiwa hakimfai, aombe iandikwe hivyo kwenye karatasi, mbele ya mjumbe wa chama cha watu wenye ulemavu cha mtaa wake. Vyama hivyo vipo karibu kila mahali na ndivyo vinavyojua nani anatambaa nyumba gani. Kwa nini vinaitwa siku ya picha na haviitwi siku ya kuandika orodha, hilo wanaoandaa sherehe walijibu wao.

Wenye shule, makanisa na vituo vya afya nao wanaweza kitu ambacho hakingoji mfadhili. Fundi mwashi mmoja na mifuko michache ya simenti vinatosha kuondoa kidaraja cha mlango na kuweka mteremko usio mkali, na kuziba mawe kwenye hatua chache za kutoka barabarani hadi mlangoni. Choo kimoja kikijengwa na njia pana na bomba la kushikilia ukutani, mzee atakitumia, mama mjamzito atakitumia, aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki atakitumia.

Kwa sherehe ijayo ya Desemba, kabla ya kuagiza mabango na tisheti, wanaopanga wangeweza kuweka fungu moja dogo pembeni: mipira ya mikongojo, mito ya viti, tairi na mirija, bearing, na mshahara wa miezi sita wa fundi wa kuchomelea vyuma na kwado wawili watakaopita mtaa kwa mtaa, Ndosho, Majengo, Mugunga, wakirekebisha vifaa vilivyolala nyuma ya majiko. Viti vingi vya mwaka jana bado vipo. Vinangoja gurudumu.